Vipini vya Malkia Asiyekuwapo

Macho yangu yameacha kazi kabla yangu. Mwezi uliopita nilitia ushanga mweusi mahali pa buluu mara tatu kwa siku moja, na wasichana ninaofanya nao kazi hapa Daraja Mbili wakanyamaza kwa heshima, jambo lililoniudhi kuliko kama wangecheka. Nikaweka sindano chini. Sasa wananiambia, "Bibi Halima, tuandikie basi habari za kazi, za tangu wakati wa Mdachi." Haya, naandika. Ila anayetafuta humu habari za kupanda cheo atachoka bure. Katika kazi ya shanga nimejua vyeo viwili tu, anayefundishwa na anayefundisha, na hicho cha pili nilikipata kwa sababu wenzangu wote waliolewa mbali.

Ninayo sababu nyingine ya kuandika. Juzi nilimsikia mmoja wenu akimweleza bibi wa Kizungu kwamba kipini cha nywele cha rangi tatu kilivaliwa na malkia wa Wamaasai hapo kale, na kwamba nyekundu ni damu ya ukoo wake. Alisema kwa imani kabisa. Nilikohoa, nikatoka nje. Malkia huyo namfahamu vizuri. Alizaliwa mchana mmoja kwenye baraza ya boma, na mimi nilikuwapo.

Baba yangu alikuja huku kutoka Pangani akiwa mpagazi. Alipofika Meru akaoa mwanamke wa Nkoaranga, akakataa kurudi pwani, kwa maelezo kwamba njia ni ileile na vilima ni vilevile. Nyumbani tulisema Kiswahili na Kimeru, na Kimaasai nilikiokota kwa majirani zetu Waarusha. Kusoma nilifundishwa misheni. Baba hakuipenda misheni, lakini alipenda barua zake zisomwe na mtu asiyezitangaza sokoni.

Nilikuwa na miaka kumi na minne hivi nilipopelekwa kujifunza kwa Nashipai, mama wa Kiarusha aliyekaa upande wa magharibi wa mlima, mwendo wa asubuhi nzima kutoka bomani. Watu wote walimwita Yeyo, yaani mama. Nilikwenda na sindano mpya ya dukani, nikamwonyesha kwa majivuno. Aliitazama, akaichomeka kwenye nyasi za paa, na huko ikakaa miezi miwili.

"Kaa," akaniambia. Akanimwagia shanga mapajani. "Chambua."

Asiyejua atadhani kuchambua ni kutenga rangi. Kazi yenyewe ni unene. Shanga za Ulaya ziliingia zimechanganyika, nene kwa nyembamba, na ilibidi kila moja uitie kwenye ncha ya msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Pale inapokwama ndipo unapojua ni ya fungu gani. Ukiweka nene mbili jirani, mstari unavimba kama shavu la mwenye jino bovu. Siku ya sita nikamuuliza Yeyo nitaanza lini kushona.

"Umeshaanza," akasema. "Tena vibaya. Rudia fungu hilo."

Uzi tuliutoa kwenye kano za mgongo wa ng'ombe. Zikikauka unazipasua, unazilowesha mdomoni, unazisokota juu ya paja. Miaka mitatu kila nilichokula kilikuwa na ladha ya kano, na paja langu la kulia halina unywele mpaka leo. Nalisema hili kwa sababu nawasikia mnavyolalamika kwamba uzi wa duka unakatika.

Ndani ya nyumba ya Yeyo, kwenye kikapu chenye kifuniko, mlikuwa na mkanda wa kichwani wa bi harusi. Ulikuwa wa ngozi ya mbuzi, umejaa mistari ya buluu, nyeupe na nyekundu, na pembeni ulining'inia mikufu miembamba ya chuma iliyofika mashavuni. Mama yake aliolewa nao, yeye akaolewa nao, binti yake marehemu akaolewa nao, na sasa ulimngoja mjukuu wake Naisula, aliyekuwa amekwisha kuposwa. Nilikuwa nikiruhusiwa kuuona. Kuugusa sikuruhusiwa.

Nikiwa mwaka wa nne kwa Yeyo, tuliitwa bomani. Boma hilo mnalipita kila siku. Lilijengwa na wanaume wa huku waliobeba mawe na chokaa bila kuulizwa kama wana nafasi, na lilipokwisha tukaambiwa tulishukuru. Mke wa Bwana Mkubwa wa boma, ambaye sisi tulimwita Bibi Mkubwa, alikuwa akimngoja mgeni kutoka Ulaya, Profesa wa mambo ya kale. Alitaka siku ya karamu achome kichwani vipini vya nywele vya kale, vya hapa hapa. Alikiweza Kiswahili kidogo, kile cha kuamrisha.

"Mimi nataka pini," aliniambia. "Pini ya malkia ya Masai. Ya zamani sana. Upesi."

Nikamfasiria Yeyo. Yeyo alipitisha kiganja juu ya kichwa chake, ambacho kilikuwa kimenyolewa asubuhi ile kikang'aa, kama vichwa vya wanawake wote wa kwao.

"Mwambie hatuna malkia," akasema. "Na huyo asiyekuwapo hakuwa na nywele. Nywele ni za morani. Mwanamke wa heshima ananyoa."

Bibi Mkubwa alikuwa akinitazama. Nyuma yake alisimama askari.

"Anasema inawezekana," nikajibu.

Ndivyo ilivyoanza. Na niwaambie, kazi ilikuwa ngumu, maana ni lazima uwe fundi hasa ili kutengeneza kitu cha kale ambacho hakijawahi kutengenezwa. Ruwaza tulizichukua kwenye hereni na kwenye pindo za mikanda. Miti ya vipini niliichonga mwenyewe kwa mzeituni mwitu, nikaifunika ngozi laini, tukashona shanga juu yake. Tulipompelekea, vikamteleza vyote. Nywele zake zilikuwa laini kama ndevu za mahindi mabichi, kipini kikikaa kidogo tu kinashuka shingoni. Yeyo alikizunguka kile kichwa chenye nywele kama anayekagua ng'ombe mgonjwa, kisha akaniambia nichonge upya, kila kimoja kiwe na meno mawili, na meno yenyewe nisiyalainishe bali niyakwaruze kwa mchanga. Vikashika. Meno mawili mnayochonga hadi leo yalianzia hapo, kwa ajili ya nywele zisizoshika kitu, kwa ushauri wa mwanamke asiye na nywele.

Profesa akafika. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani, na alikuwa amejifunza njiani neno moja la Kimaasai, "takwenya", salamu wanayosalimiwa wanawake. Alilitumia kwa kila mtu, wakiwamo askari wenye ndevu. Alipoviona vipini kichwani mwa Bibi Mkubwa akasahau chakula. Kesho yake tukaitwa tena, akakaa kwenye baraza na daftari. Maneno yalisafiri hivi: Yeyo aliniambia mimi kwa Kimaasai, mimi nilimwambia Bibi Mkubwa kwa Kiswahili, Bibi Mkubwa alimwambia Profesa kwa Kidachi, yaani Kijerumani. Vitu vingi vilianguka njiani, na vingine viliongezeka.

"Anauliza nyekundu maana yake nini," akasema Bibi Mkubwa.

"Nyekundu ilikuwa imebaki nyingi," akasema Yeyo. "Na mwambie atoe kiatu chake juu ya ngozi yangu ya kukalia."

Nilijua jibu hilo lingeturudisha nyumbani kwa aibu, au pabaya zaidi. Nikasema nyekundu ni damu. Bibi Mkubwa akaongea kwa muda mrefu kuliko nilivyoongea mimi, na Profesa akaandika nusu ukurasa. Mwisho wake damu ilikuwa ya ukoo wa kifalme, buluu ikawa ziwa ambalo malkia alioga, na nyeupe ikawa jambo la mwezi ambalo sikulielewa. Kiatu Profesa hakukitoa. Hilo lilianguka njiani.

Ningekuwa mkweli siku ile, habari ingeishia hapo. Lakini Profesa, baada ya kushiba maana, akauliza kama kimesalia kitu chochote cha kifalme, cha kichwani, cha kweli. Karani mmoja wa boma, aliyekuwa na mke wa Kiarusha, akataka kupendeza, akasema yupo Yeyo mwenyewe, ana mkanda kikapuni. Bwana Mkubwa akaitikia kwa kichwa kwa hisani, kana kwamba anatoa mali yake.

"Siku saba," akasema. "Uletwe."

Nikamfasiria Yeyo. Alisimama, akachukua ngozi yake iliyokanyagwa, akaikung'uta, akaondoka. Njia nzima nilimfuata nyuma. Tulipofika mtoni ndipo aliposema, bila kugeuka, "Naisula anaolewa mwezi ukiandama. Ataolewa kichwa wazi kama mjane?"

"Tutengeneze mwingine, Yeyo," nikamwambia. "Tuwape huo."

Alifikiri mpaka tukavuka. "Hawatajua?"

"Yule bwana ameamini ziwa."

Tukafanya kazi siku tano. Na hapa ndipo nilipomjua mwalimu wangu. Kitu cha kumdanganyia mtu hakihitaji kunyooka, nilimwambia hivyo, tena kikipinda kidogo kitaonekana cha zamani. Hakunielewa, au hakutaka.

"Mstari huo umekwenda kando," alisema.

"Ndivyo nilivyokusudia, Yeyo."

"Fumua."

"Yeyo, ni wa Mdachi."

"Mkono ni wangu. Fumua."

Nikafumua mara tatu. Siku ya tano, ulipobaki ubavu mmoja, nikamwambia naenda kuumalizia kwetu. Huko nikafanya mambo ambayo sijawahi kuyaungama hadi leo. Nilipindisha mistari minne. Nikazigonga shanga kwa jiwe mpaka zikameguka. Nikaupaka mafuta ya kondoo na udongo mwekundu, nikauning'iniza juu ya moshi wa kuni mbichi siku nzima, nikaukanyaga. Mama yangu aliingia jikoni akatoka, akauliza ni mnyama gani amekufa. Nilitapika mara moja, sijui kwa moshi au kwa kuona mistari ile.

Siku ya saba, kabla jua halijawa kali, nikaupeleka kwa Yeyo umefungwa kwenye majani ya mgomba. Alikuwa amekwenda kuteka maji. Nikauacha juu ya kile kikapu, nikatoka kumfuata mtoni ili aone kwanza uso wangu kabla ya kuiona kazi. Tuliporudi tulikuta ombasha wa boma, yaani koplo, na askari wake wamekwisha kuja na kuondoka, na majirani wakatusimulia. Ombasha alikuwa mtu wa mbali, hakujua Kimaasai wala mikanda. Alikuwa ameagizwa mkanda wa kichwani, akakuta miwili, mmoja juu ya kikapu na mwingine ndani. Ili asikosee akachukua yote.

Yeyo aliangusha kibuyu. Sikupata kumwona akikimbia kabla ya siku ile.

Tuliingia bomani tukihema. Mikanda yote miwili ilikuwa juu ya meza, kwenye kitambaa cheupe, na Profesa ameinama juu yake na kioo cha kukuzia. Bwana Mkubwa alikaa pembeni akikata kucha. Nilipoitazama mikanda ile niliona jinsi tulivyokwisha. Mmoja ulikuwa kazi ya vizazi, umenyooka, unang'aa, mikufu yake safi, maana Yeyo kila baada ya misimu kadhaa huufumua wote, huosha shanga moja moja na kuzishona upya kwa kano mpya. Mwingine ulikuwa takataka. Nikasema moyoni, hata kipofu atachagua.

Profesa akausukuma ule unaong'aa kando kwa ncha ya kalamu.

"Bwana Profesa anasema," akafasiri Bibi Mkubwa, "huu mpya. Huu kwa kudanganya. Huu," akaonyesha wa kwangu, akaziba pua kwa leso, "huu ya kweli. Ya zamani sana sana."

Profesa akatueleza na sababu zake, kwa kuwa alikuwa mwalimu hasa. Mafuta yale yalikuwa ya vichwa vya malkia wengi. Shanga zilimeguka katika vita. Na mistari ilipinda kwa sababu watu wa kale, masikini, walikuwa hawajajua kunyoosha mstari.

Nikamfasiria Yeyo, nikilainisha kadiri nilivyoweza. Uso wake ukabadilika. Alipiga hatua kwenda mezani.

"Mwambie mama yangu hakupindisha mstari hata siku moja! Mwambie ule uchafu ni wa mtoto huyu, na huu ndio—"

"Anasema asante sana, Bwana," nikasema kwa sauti kubwa.

Bwana Mkubwa akaacha kucha zake. "Mbona anapiga kelele?"

"Ndivyo wanavyoshukuru, Bwana."

"Nani alitengeneza huu wa uongo?"

Nikamuuliza Yeyo nani aliutengeneza ule mkanda safi. Nilimuuliza hivyo tu, na kwa macho nikamwomba. Alinitazama. Nadhani ndipo alipomwona askari aliyesimama mlangoni, na mjeledi wa kiboko uliotundikwa ukutani nyuma yake.

"Mimi," akasema. "Na mama yangu."

"Anasema ni yeye, Bwana. Anaomba radhi."

Bwana Mkubwa alitaka afungwe siku tatu kwa kujaribu kumdanganya mgeni wa serikali. Alikuwa amekwisha kumwita askari. Profesa ndiye aliyemtetea. Alisema mwanamke huyu hana hatia, mikono yake ni mizuri, ila kazi yake haina roho, na hilo si kosa lake, ni kosa la nyakati. Kisha akauchukua mkanda ule kwa vidole viwili, akamrudishia, akasema "takwenya", na Yeyo akaitikia kama inavyopasa kuitikia mtu aliyekusalimia, maana adabu hakuwahi kuiacha nyumbani.

Nilidhani njiani tutacheka. Nilikuwa nimeshaandaa kicheko. Yeyo alitembea mbele mpaka tulipofika kwenye njia panda ya kwetu, akasimama.

"Neno 'radhi' nalijua. Wewe ulisema mama yangu anaomba radhi?"

"Nilisema ni wewe, Yeyo."

"Hakuna tofauti."

Akaenda zake. Siku tisa hakuniita, wala sikuthubutu kwenda. Nilikaa nyumbani nikijiambia kwamba nimemwokoa na kifungo, na mkanda umerudi, na bi harusi hatakwenda kichwa wazi, na kila nilipomaliza kuhesabu mema yangu nilijisikia vibaya zaidi. Watu wa bomani walinisifu kwa Kiswahili changu kizuri. Profesa alikwenda zake Tanga na sanduku lake, na ndani yake kazi mbovu kuliko zote nilizowahi kufanya, nami nasikia vitu kama hivyo huko Ulaya huvitunza ndani ya vioo, visiharibike.

Siku ya kumi nikaenda. Nilimkuta Yeyo amekaa nje, mbele yake ngozi imetandikwa, na juu ya ngozi ule mkanda. Nikamwamkia. Aliitikia bila kuinua macho.

"Yule mtu ameushika," akasema. "Na ombasha ameushika. Naisula hawezi kuuvaa hivi."

Akachukua kisu kidogo, akakata uzi wa mwisho wa ukingoni, akavuta. Shanga zikaanza kumiminika juu ya ngozi, mstari baada ya mstari, mpaka ikabaki ngozi tupu yenye matundu na mikufu ya chuma pembeni. Nilishika mdomo. Kitu kilichokuwa kimemponyoka Mdachi sasa kilikuwa chungu tatu za rangi.

"Kaa," akasema. "Chambua."

Nikakaa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kugusa kitu cha mkanda ule. Nyingine zilikuwa nene kuliko zinazoletwa siku hizi, zimelainika kwa kuvaliwa, na nyingine zilikuwa mpya kabisa, nilizozichambua mwenyewe mwaka wangu wa kwanza kwa miguu iliyokufa ganzi, bila kujua zinakwenda wapi. Tuliziosha kwa maji ya moto na majivu. Tukasokota kano. Hatukuzungumza habari za boma, si siku ile wala baadaye. Mstari wa tatu wa buluu alinipa mimi.

"Nikikosea?" nikamuuliza.

"Utafumua."

Nilifumua mara mbili. Naisula alikuwa akitupitia na kuni, akichungulia, na bibi yake akimfukuza kwa kuwa bi harusi haruhusiwi kuona.

Mwezi ulipoandama wakaja kumchukua. Asubuhi ile Yeyo alimkalisha Naisula kwenye kigoda, kichwa chake kimenyolewa upya na kupakwa mafuta, akamfunga ule mkanda, akaurekebisha mara nne, akarudi nyuma hatua mbili akautazama kwa jicho moja kama tunavyofanya tukitafuta kasoro. Hakuipata. Aliita jina langu, akaniambia nami nitazame. Nikatazama, nami sikuipata.

Kwa desturi yao bi harusi akitoka kwao hageuki nyuma. Naisula alitoka na kundi la mumewe, polepole, mikufu ikigongana mashavuni, akashika njia ya kuteremka bondeni, hakugeuka. Wanawake waliimba mpaka wakachoka. Yeyo alibaki amesimama mlangoni, akiwatazama tu, na machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyafuta. Walipopotea nyuma ya migomba akajifuta kwa kiganja, akaniuliza kama mstari ule wa buluu niliufunga fundo moja au mawili.

"Mawili, Yeyo."

"Vizuri," akasema. "Huko aendako wana watoto wadogo wengi wa kuvutavuta."